Jeli ya maumivu ina kipimo chake

Jumatatu asubuhi, kabla sijamaliza kufagia mlango wa famasi yetu ndogo hapa Majengo, mjini Goma, mashariki mwa Kongo, huwa kuna mtu amesimama nje akiegemea mguu mmoja. Mara nyingi ni msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Ameteremka na viazi na kabichi kutoka Kibumba, goti moja limekaa juu ya ubao, mguu wa pili ukisukuma ardhi, na sasa lile goti la ubaoni limevimba. Wengine ni vijana waliocheza mpira Jumapili, au mama aliyekanyaga vibaya kwenye mawe ya volkano. Goma imekaa juu ya mawe hayo. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji, watu wakajenga juu yake, na mpaka leo kuna vichochoro ambavyo mgeni hapiti usiku akatoka na vifundo vizima. Ombi la wote ni moja: "Dokta, unipatie ile pomade ya maumivu."

Dokta ni heshima tu. Huku kila anayesimama nyuma ya meza ya dawa huitwa hivyo, hata akiwa muuguzi kama mimi. Na pomade nayo si pomade. Wanachokitaka ni jeli yenye dawa ndani yake, dawa ileile ya vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni, ila imetengenezwa ipite kwenye ngozi. Kwa kuwa inapakwa, watu huichukulia kama mafuta ya baada ya kuoga. Mmoja hutoa tone la ukubwa wa punje ya harage, hulisambaza goti zima mara moja kwa siku, na siku ya tatu anarudi kulalamika kwamba tumemuuzia dawa ya bandia. Mwingine hujipaka shingo, mabega, kiuno na magoti yote mawili, juu yake anameza vidonge, halafu anashangaa tumbo linapomwaka moto. Kosa lao ni moja ingawa wamelifanya kutoka pande mbili.

Nieleze kidogo jeli inavyofanya kazi, kwa sababu karibu kila katazo la huko mbele linatoka hapa. Sehemu ya mwili ikiumia hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, na hizo ndizo zinazoleta uvimbe, joto na ule uchungu wa kupwita. Diklofenaki na ndugu zake huzuia zisitengenezwe. Ukimeza kidonge, dawa inazunguka na damu mwili mzima ili sehemu yake ndogo ifike kwenye goti. Njiani inapita kwenye tumbo, figo na moyo, ambako haikuitwa. Ukipaka jeli, inazama kwenye ngozi na kubaki kwa wingi pale chini yake. Kwa jeli ya diklofenaki, kinachoingia kwenye mzunguko wa damu ni kama asilimia 6 tu ya kile ambacho kingeingia kwa kumeza. Ni kidogo, na ndiyo faida yake kubwa. Lakini kidogo si sifuri, na ukipaka mwili mzima unakiongeza.

Hatua ya 1: Jiulize kama maumivu yako ni ya jeli

Jeli hufanya kazi vizuri mahali ambapo shida iko karibu na ngozi: kifundo cha mguu kilichoteguka, goti, kiwiko, kiganja, vidole, msuli wa paja au wa mkono uliovutika. Nyonga imefukiwa chini ya nyama nyingi, dawa haifiki. Mgongo nao haunipi matumaini makubwa. Nikiulizwa, namwambia mtu asitumie pesa yake nyingi huko.

Kwa kuteguka na kuvutika kwa misuli, matokeo ni mazuri kuliko watu wanavyodhani. Katika majaribio yaliyofanywa kwa jeli za diklofenaki na ketoprofeni, watu kama 7 au 8 kati ya 10 walipata nafuu kubwa ndani ya wiki moja hivi. Kwa magoti ya wazee yaliyosagika gegedu (ile tabaka laini inayokinga ncha za mifupa), mambo ni ya kiasi: kama 6 kati ya 10 walipata nafuu nzuri baada ya wiki 6 hadi 12, na waliopakwa jeli isiyo na dawa walikuwa 5 kati ya 10. Nasema haya waziwazi kwa sababu nimewaona wazee wakinunua tyubu baada ya tyubu wakingoja goti lirudi kuwa la kijana. Jeli inapunguza maumivu. Gegedu iliyokwisha haiirudishi.

Halafu kuna maumivu ambayo jeli isiyaguse kabisa, na hapa nitakaa kidogo.

Mtu ameanguka na pikipiki, au ameteleza kwenye mawe, na hawezi kupiga hatua nne kwa mguu ule. Au ukibonyeza mfupa wenyewe, si nyama ya pembeni, anaruka. Au kiungo kimepinda, au vidole vimekufa ganzi. Huyo anahitaji picha ya mfupa. Asipelekwe kwanza kwa mzee wa kuvuta na kukanda, halafu hospitali baada ya wiki mbili mfupa ukiwa umeshajiunga upande.

Kiungo kimoja kimekuwa chekundu, kina moto, kimevimba ghafla, na mtu ana homa. Hiyo inaweza kuwa maambukizi ndani ya kiungo, na kiungo kinaweza kuharibika kwa siku chache tu. Mtoto anayechechemea huku ana homa ni hivyohivyo: hospitali siku ileile.

Mtoto au kijana mwenye ugonjwa wa seli mundu, wale ambao huku tunawaita watoto wa SS, anapolia mifupa. Mzazi hufika mbio akitaka kitu cha kumpaka. Ile ni shida ya damu iliyoziba ndani ya mfupa, haitoki kwa kupaka. Anahitaji maji ya kutosha, dawa halisi ya maumivu na uangalizi wa hospitali.

Nyama ya nyuma ya mguu imevimba upande mmoja, inauma na ina joto, hasa kwa mama aliyejifungua karibuni au mtu aliyelala kitandani muda mrefu. Usiikande, usiisugue. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Akianza kukosa pumzi au kuumwa kifua, hapo ni kukimbia.

Maumivu ya mgongo yanayoambatana na miguu kulegea, au mkojo kukataa kutoka, au kutoka bila ruhusa. Hospitali leo, isiwe kesho.

Na kuna yule ambaye vidole vya mikono yote miwili vinakakamaa kila asubuhi kwa saa nzima au zaidi, wiki baada ya wiki. Jeli itamtuliza kidogo na kumchelewesha sana. Amwone daktari wa viungo mapema, maana baridi yabisi ya aina hiyo inakula viungo wakati wewe unapaka.

Hatua ya 2: Soma jina la dawa, achana na picha

Maboksi yetu yameandikwa Kifaransa, na wengi huchagua kwa picha ya goti lenye mwanga mwekundu. Tafuta jina dogo lililo chini ya jina kubwa. Ukiona diclofénac, ibuprofène, kétoprofène au piroxicam, hizo ndizo jeli ninazozizungumzia hapa. Karibu na jina kuna namba. Diklofenaki huja kwa nguvu ya asilimia 1 (mara nyingine imeandikwa 1,16) au asilimia 2 (imeandikwa 2,32). Namba hiyo inabadilisha idadi ya kupaka kwa siku, kwa hiyo isome pale pale dukani.

Ukiona menthol, camphre au salicylate de méthyle, hiyo ni balimu. Inachoma, inapoza, inanukia, na inaweza kukupumzisha msuli uliochoka. Kazi yake ni nyingine. Usiziweke mbili pamoja sehemu moja, na huyo wa salicylate de méthyle ni jamaa wa aspirini; mtu anayekatazwa aspirini asijidai kwamba balimu haimhusu.

Tyubu za aina ya tatu ndizo zinazonisumbua usingizi. Kwenye meza za barabarani, jeli ya maumivu hulala kando ya tyubu za bétaméthasone na clobétasol, ambazo watu huzinunua ili kung'arisha ngozi. Boksi ni dogo vilevile, rangi zinafanana, na muuzaji atakuambia zote "ni za uvimbe". Hizo ni dawa za ngozi zenye steroidi. Goti lako halitapona kwazo, na ngozi itakonda. Na hapa kuna jambo ambalo watu hawalisemi kaunta mbele ya wengine: kama umekuwa ukitumia mafuta ya kung'arisha kwa muda, ngozi yako imekuwa nyembamba na inapitisha dawa nyingi kuliko kawaida. Mwambie mtu wa famasi kwa sauti ya chini. Hatakucheka. Atakushauri upake kidogo, au atafute njia nyingine.

Kabla ya kulipa, angalia mkia wa tyubu, pale palipobanwa: kuna namba ya lot (ya toleo la kiwandani) na tarehe ya exp (ya kuisha muda). Ziwe zilezile zilizo kwenye boksi. Fungua kifuniko, tyubu nyingi mpya zina utando wa alumini mdomoni, unaotobolewa kwa ncha iliyo upande wa pili wa kifuniko. Ukikuta umeshatobolewa, rudisha. Jeli iliyozunguka mtaa wa Birere kutwa juu ya sinia, jua linaipiga, sinunui hata ikiwa nusu ya bei.

Hatua ya 3: Maswali kabla ya kupaka

Kama wewe ni mama mjamzito, usipake kwa uamuzi wako. Kuanzia mwezi wa 6 dawa hizi haziruhusiwi kabisa, hata kwa ngozi, kwa sababu zinaweza kuziba mapema mshipa wa damu ulio karibu na moyo wa mtoto na kudhuru figo zake. Kabla ya hapo pia ni mkunga au daktari anayeamua. Anayenyonyesha asipake kwenye matiti.

Kama aspirini, ibuprofeni au diklofenaki iliwahi kukubana kifua, kukuvimbisha midomo au kukutoa upele, jeli nayo si yako. Wenye pumu wajibu swali hili polepole, wakumbuke vizuri.

Kama una vidonda vya tumbo, figo mbovu, moyo dhaifu, au unameza dawa ya kuzuia damu isigande, uliza kwanza. Mara nyingi jibu litakuwa "pakaa kidogo, siku chache", lakini litolewe na mtu anayeijua hali yako.

Watoto wasipakwe. Vijikaratasi vingi vya diklofenaki huanzia miaka 14 au 15.

Swali la mwisho ndilo ambalo watu hunijibu vibaya: unameza nini? "Hakuna, dokta." Halafu anatoa mfukoni karatasi ya vidonge vinavyochanganya diklofenaki na parasetamoli, vile ambavyo vimejaa madukani kwetu, na yeye anaviita vidonge vya kichwa. Ukimeza hivyo na kupaka jeli, unatumia dawa moja kwa milango miwili. Sindano ya diklofenaki ya jana kwenye tako nayo inahesabika. Ukihitaji kitu cha kumeza pamoja na jeli, parasetamoli peke yake ndiyo inayokwenda nayo kwa amani, kwa kipimo chake.

Hatua ya 4: Pima kwa kidole

Karatasi ndani ya boksi zinasema gramu 2, gramu 4. Nani ana mizani ya gramu jikoni? Tumia kidole chako cha shahada. Kamua jeli mstari mmoja kutoka ncha ya kidole mpaka mkunjo wa kwanza, kidole cha mtu mzima: hiyo ni kama nusu gramu. Mistari 2 ni gramu 1. Mistari 4 ni gramu 2.

Kwa jeli ya diklofenaki ya asilimia 1: kiganja, kiwiko au kifundo kimoja cha mguu, mistari 4 kila ukipaka. Goti, kuanzia mistari 4, na likiwa kubwa au bovu mpaka 8. Mara 3 kwa siku, ikizidi sana 4, na kati ya kupaka na kupaka acha saa 4 angalau. Ile ya asilimia 2 ina kipimo hichohicho cha vidole lakini ni mara 2 tu, asubuhi na jioni. Jeli za ibuprofeni na ketoprofeni zina hesabu zake. Fuata karatasi, sehemu iliyoandikwa posologie, yaani kipimo cha kutumia. Usivuke sehemu mbili za mwili kwa wakati mmoja.

Sasa piga hesabu ya mfuko. Kifundo kimoja, gramu 2 mara 3, ni gramu 6 kwa siku. Tyubu ya gramu 50 itakutosha siku 8. Goti la gramu 4 mara 3 litaimaliza kwa siku 4. Basi yule anayesema tyubu moja imemkalia miezi mitatu alikuwa anajipaka harufu. Na kama hesabu ya goti kubwa imekushinda bei, ni afadhali upake vizuri siku chache, zile unazoumia zaidi, kuliko kunyunyiza kidogokidogo mwezi mzima.

Hatua ya 5: Namna ya kupaka

Osha sehemu hiyo kwa maji na sabuni, toa vumbi. Vumbi letu la lava linakwaruza. Kausha. Ngozi iwe nzima: isiwe na kidonda, mchubuko, ukurutu, wala pale uliponyoa sasa hivi. Mtu aliyeanguka mara nyingi ana vyote viwili, kifundo kimevimba na goti limechubuka. Paka kwenye uvimbe tu, mchubuko uuoshe na uufunike peke yake.

Kama umeumia leo au jana, usianze na maji ya moto. Najua bibi zetu walikanda kwa kitambaa cha moto, na kwa msuli uliokakamaa wa wiki nzima kitambaa hicho kinafaa. Lakini katika siku mbili tatu za kwanza joto na kukanda kwa nguvu huongeza damu na uvimbe. Weka baridi: chupa ya maji kutoka friji au kitambaa cha maji baridi ya tanki, dakika 10 hadi 15, kisha pumzika. Barafu usiigusishe ngozi bila kitambaa. Inua mguu juu ya mto. Ngozi ikirudi kwenye joto lake na ikikauka, ndipo upake jeli.

Sambaza mistari yako kuzunguka kiungo chote, si juu ya kifupa cha mbele peke yake. Goti lina pembe na nyuma pia. Sugua taratibu mpaka iingie. Anayesugua mpaka ngozi iwake hapati kitu zaidi ya upele. Kaa dakika 10 kabla ya kuvaa suruali au kufunga kikwembe. Usioge saa moja baada ya kupaka.

Usifunge kwa sachet, yaani mfuko wa plastiki. Kuna ushauri huo unaozunguka, eti dawa "inazama vizuri". Inazama kweli, kupita kiasi, na ngozi inapikika. Kitambaa chepesi kinachopitisha hewa hakina shida jeli ikishakauka. Wala usiweke chupa ya maji ya moto juu yake.

Nawa mikono. Hili ndilo linalosahaulika, kisha mtu anajifuta jicho au anamega fufu. Kama mikono yenyewe ndiyo inayouma, ifute kwa karatasi, ikae saa moja bila maji, na usiguse jicho, mdomo wala mtoto mpaka uoshe. Wamama wanaochambua sombe (majani ya muhogo) asubuhi huwa nawaambia wapake usiku wakilala. Ni rahisi kuliko kugombana na maji kutwa.

Jambo la moto. Jeli nyingi zina pombe, nyingine zina mafuta ya parafini. Ukishapaka, usikae karibu na jiko la makaa wala usiwashe sigara kabla haijakauka. Kitambaa au shuka lililolowa jeli siku nyingi hushika moto upesi, lifue.

Hatua ya 6: Jua, kama jeli yako ni ketoprofeni

Hapa hatuna ruhusa ya kuchezea. Goma iko karibu na ikweta, na mji umekaa kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500. Baridi ya asubuhi inatudanganya, lakini miale ya jua huku ni mikali hata kukiwa na mawingu. Ketoprofeni ikiwa kwenye ngozi na jua likaipiga, ngozi inaweza kuungua vibaya: wekundu, malengelenge, wakati mwingine mpaka kulazwa. Ufaransa ilifikia hatua ya kuisimamisha jeli hiyo kwa muda, na mwaka 2010 wasimamizi wa dawa wa Ulaya wakaiacha sokoni kwa masharti: iandikwe na daktari, na anayeitumia ajikinge na jua.

Masharti hayo yatufae na sisi. Sehemu iliyopakwa ifunikwe kwa nguo muda wote ukiwa nje, hata siku ya mawingu, na uendelee kuifunika wiki 2 baada ya kuacha kupaka. Wiki mbili zima, kwa sababu dawa inabaki kwenye ngozi. Osha mikono vizuri, maana iliyobaki viganjani nayo inaungua, na motari, dereva wa pikipiki, anashika usukani juani kutwa. Kwa msukuma chukudu anayevaa kaptula, mimi simpi ketoprofeni kabisa. Nampa diklofenaki. Hiyo nayo haipendi jua kali, ila haina hasira ya mwenzake.

Hatua ya 7: Hesabu siku, tazama ngozi

Andika kwa kalamu kwenye boksi tarehe uliyoanza. Kwa kuteguka, kama baada ya siku 7 hakuna nafuu, au hali inazidi, acha kupaka, nenda ukaangaliwe. Huenda kuna ufa mfupani ambao hatukuuona. Kwa msuli, usivuke siku 14 bila ushauri. Kwa goti la mzee, jeli huchukua mpaka siku 7 kuanza kuonekana, kwa hiyo asikate tamaa siku ya pili. Lakini akifika siku 21 azungumze na daktari kabla ya kuendelea. Wakati huo goti lipewe pia kitu kingine: mazoezi ya kuimarisha paja, kupunguza mzigo, fimbo upande ule mwingine. Msukuma chukudu hataacha kazi, najua, watoto wanakula kutokana na ubao ule. Anaweza kubadilisha goti anapoteremka, na kuweka chini yake mpira mnene wa kandambili.

Ukiona upele, mwasho au ngozi inakauka na kupasuka, osha kwa maji na sabuni, uache. Kwa wengi inaisha yenyewe. Ukiona malengelenge, uso kuvimba, kifua kubana, kinyesi cheusi kama lami, au mkojo kupungua sana, usingoje kesho, na ubebe ile tyubu ili wanaokupokea wasome jina.

Kuihifadhi

Tyubu isikae dirishani wala juu ya ukuta wa jikoni. Mahali pakavu, pa kivuli, juu ambako mtoto hafiki. Mtoto akilamba au kula, mpeleke kituo cha afya pamoja na tyubu hata kama anacheza. Na isiwekwe kwenye kikombe kimoja na dawa ya meno. Umeme wa kwetu ukikatika saa 12 asubuhi, mikono haisomi, na mteja wangu mmoja aliyepiga mswaki kwa diklofenaki alinisimulia ladha yake kwa dakika kumi nzima.

Ukipona na jeli ikabaki, usimpe jirani. Goti lake linafanana na lako, lakini hujui anameza nini wala kama ana mimba ya miezi sita chini ya kikwembe. Mlete kwetu, aje ajibu yale maswali mwenyewe.